Mkate wa Vyumba Ukivunjika

Muuguzi wa lishe wa kliniki ninayohudhuria aliniambia kuna msichana wa kijiji cha Kiegei ambaye naye ameambiwa asile ngano maisha yake yote, na tangu aambiwe hasemi na mtu. Akaniuliza kama naweza kwenda kuongea naye. Nikasema ndiyo, halafu nikarudi nyumbani na kuanza kutafuta sababu ya kutokwenda. Mimi siwezi kuongea na mtu nisiyemjua. Hata darasani, jibu nikilijua nanyamaza. Kwa hiyo nimeandika. Wewe wa Kiegei, na mwingine yeyote mwenye tumbo kama letu, soma taratibu, ukichoka acha, utaendelea kesho. Mimi mwenyewe kuna kipindi nilikuwa nachoka hata kusoma.

Naitwa Somoe. Nipo kidato cha tatu, nilitakiwa niwe cha nne. Kwetu ni Nkowe, wilaya ya Ruangwa. Baba analima korosho na ufuta. Mama anauza maandazi na chapati barabarani, pale bodaboda wanapoegesha. Hilo la Mama uliweke akilini, maana ndilo lililoniponza na ndilo lililonisomesha.

Nyumbani asubuhi ilikuwa inaanza na harufu ya hamira. Mama anaamka kabla ya adhana, anakanda unga kwenye beseni, mikono imezama. Unga unaruka. Unatua kwenye vyombo, kwenye ndoo ya maji, kwenye nywele zake. Sisi tumekulia maandazi: yaliyopasuka, yaliyoungua upande mmoja, yaliyolala. Sare yangu imetoka kwenye lile beseni, na ada, na daftari ninaloandikia haya. Nilipoanza kuumwa Mama alikuwa anachagua andazi lililoumuka kuliko yote, ananiletea kitandani na chai ya rangi, halafu anasimama pale mlangoni mpaka nilimalize.

"Kula mwanangu, upate nguvu."

Nilikuwa nakula ili aondoke akauze.

Ilianza msimu wa korosho nikiwa kidato cha kwanza. Kwanza ni tumbo kujaa na kunguruma kwa sauti mpaka jirani wa dawati anageuka. Kisha kuharisha. Siandiki ili uone kinyaa. Naandika kwa sababu najua unajua: choo cheupe kama majivu, kinaelea, hakiondoki hata ukimwaga ndoo nzima, na ile harufu. Shuleni nilikuwa nasubiri wenzangu wote warudi darasani ndipo niende chooni, na nikirudi mwalimu ananiuliza mbele ya watu nilikuwa wapi. Nasimama mpaka kipindi kiishe.

Nikapewa dawa za minyoo. Nikapewa dawa za amiba. Nikapewa za taifodi mara nyingi mpaka nikazoea uchungu wake. Kila zahanati ina ugonjwa wake inaoupenda. Nikapelekwa na kwa mganga, akanichanja juu ya kitovu na kusema kuna mtu ananionea wivu. Sikujua anionee wivu kwa lipi.

Mvua zilipoanza mwili wangu ulikuwa umegeuka wa mtu mwingine. Mikono na miguu imekuwa vijiti, tumbo limetangulia mbele. Nywele zinabaki kwenye kitana. Mdomoni vidonda, hata embe bivu linawasha. Gauni la shule nililoshonewa kidato cha kwanza lilinitosha vilevile kidato cha pili, halikupungua urefu hata kidogo, ila tumboni lilibana. Wenzangu wa rika langu walikuwa wanaombana pedi na kunong'onezana. Mimi hakuna aliyeniomba chochote. Kifua changu kilikuwa kama cha mdogo wangu, Tatu, na Tatu alikuwa darasa la tatu.

Shuleni kwetu wasichana tunapimwa mimba tukirudi likizo. Tunapanga foleni nje ya ofisi, kila mtu na kikopo chake. Tulipofungua shule mwaka ule mimi nilipimwa mara mbili. Nesi aliangalia kipimo, akaangalia tumbo langu, akanipa kikopo kingine.

"Siku zako umeziona lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi."

"Hujawahi?" Alisema kwa sauti, na foleni yote ikasikia.

Majibu yalikuwa sina mimba, mara zote mbili. Lakini foleni haikungoja majibu. Mpaka mchana nilikuwa na jina jipya, Mama Kijacho. Mmoja aliniuliza mtoto nitamwita nani. Mwingine akasema, "Mwacheni, hiyo ni mimba ya maandazi, mama yake si anauza." Wakacheka sana. Baadaye nimelifikiria hilo neno mara nyingi. Yeye alikuwa anatania tu, hakujua amekaribia ukweli kuliko zahanati zote.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baba alikuwa amekaa kibarazani na jembe lake halijaoshwa udongo.

"Niambie tu ni nani," akasema. "Sitampiga. Nataka nijue."

"Baba, hakuna. Wamepima."

"Vipimo navyo vinakosea."

"Baba Somoe, mtoto amesema hapana," Mama akamwambia.

"Sikuongea na wewe."

Hapa lazima nikueleze kitu. Mimi nimepewa jina la bibi, mama yake Baba, anayeishi Ruponda upande wa Nachingwea. Bibi naye ni Somoe. Sisi ni somo, na mtu na somo yake ni kitu kimoja. Kwa hiyo Baba tangu nazaliwa ananiita mama. "Mama, niletee maji." "Mama amerudi shule?" Kuanzia jioni ile akaacha. Akawa ananiita "wewe". Mvua zote zile, palizi yote, mpaka ufuta ukakatwa na kusimamishwa mafungu shambani, nilikuwa wewe.

Bibi aliposikia akaja mwenyewe, amepanda bodaboda na bakora yake mkononi. Alinivua khanga, akanitazama mgongo, akamwambia Mama, "Mkwe wangu, mtoto huyu unamlisha mafuta na upepo. Hana mimba, ana njaa. Namchukua somo yangu." Akanichukua.

Ruponda Bibi alinipenda mpaka nikakaribia kufa. Siwezi kusema vingine. Alichambua mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na ngano, ngano nzima aliyoifuata sokoni Nachingwea, akaviosha, akavianika kwenye jamvi huku akifukuza kuku, akavipeleka mashine kusaga unga wa lishe. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe. Majirani nao wakajua Bibi Somoe ana mgonjwa, wakaleta wa kwao. Kwetu mtu aliyekonda anapelekewa unga wa lishe, hiyo ndiyo heshima yake. Ukikataa umewatukana. Nilikunywa wote. Nilikuwa nakunywa na kutoka nje, nakunywa na kutoka nje, na Bibi ananisubiri mlangoni na kopo la maji ya kunawa, anasema, "Uchafu unatoka, somo. Ukiisha utanawiri."

Nilianguka wakati wa kuvuna mbaazi, nikiwa njiani kwenda kisimani. Ninachokumbuka ni vumbi mdomoni, halafu benchi la hospitali. Ile benchi naijua. Mbao moja imelegea, ukikaa mwisho aliye mwanzo anainuka. Tulikaa siku nzima tunasogea, tunasogea, mpaka msaidizi mmoja akanishika kope, akaita wenzake. Damu ilikuwa imeisha. Baba aliitwa kutoka Nkowe, akatolewa damu niwekewe mimi. Nilimwona kupitia mlango, amekaa na pamba kwenye mkono, anaangalia chupa yake inavyojaa. Damu yake iliingia ndani yangu nikiwa bado ni wewe.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyesema hii si minyoo na si taifodi, mpelekeni Dar es Salaam. Korosho za msimu uliotangulia zikaenda huko. Mama akafunga beseni lake, tukaenda wawili.

Nitakwambia kuhusu ile kamera ya kuangalia utumbo kwa sababu ndiyo utakayoiogopa. Unapuliziwa dawa kooni, koo linakufa ganzi, unalazwa ubavu, unang'ata kidude cha plastiki, na mpira mrefu unapita. Machozi yanatoka yenyewe na mate yanamwagika. Usione aibu, wanafuta. Haichukui muda mrefu. Kinachochukua muda ni kusubiri majibu. Tulilala kwa ndugu wa mbali, tukawa tunakwenda hospitali alfajiri na kurudi jioni, mpaka mlinzi akatuzoea.

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Akasema ugonjwa unaitwa siliaki, utumbo wangu unaumizwa na ngano, na dawa yake ni moja, kuacha.

"Ngano ipi, daktari?" Mama akauliza.

"Ngano yote, mama. Mkate, chapati, maandazi, tambi, biskuti. Hata vumbi lake. Nyumbani mnatumia unga wa ngano?"

Mama aliitazama mikono yake juu ya mapaja, akaifunika na khanga.

Kwenye foleni ya dawa tulikaa na mama mmoja wa Dar na mtoto wake wa kiume mwenye ugonjwa kama wangu. Mama yule akatuonyesha picha kwenye simu: mkate wa duara, una vyumba vyumba kama sega la asali, umemwagiwa asali ikajaa kwenye vile vyumba. Akasema unaitwa wafo, wake anatengeneza kwa unga wa mchele na wa muhogo, na ndiyo chai ya mwanawe kila asubuhi. Mtoto mwenyewe alikuwa mnene, anasumbua watu, anarusha ndala. Sijawahi kutamani chakula kama nilivyoutamani ule mkate. Nilimbana Mama kiwiko, nikamnong'oneza aombe picha. Akatumiwa.

Tukarudi Nkowe. Nikapata sufuria yangu, mwiko wangu, sahani yangu, vyote vimefungwa kitambaa chekundu. Mama alisugua nyumba nzima. Lakini maandazi hayakuacha, yangeachaje, korosho zimeshakwenda kwenye kamera. Kwa hiyo Mama akianza kukanda mimi natoka nje na blanketi, nakaa mbali upande wa mkorosho mpaka vumbi litulie. Asubuhi wao wanakunywa chai ndani, mimi nakula muhogo wa kuchemsha wa jana kule nje. Jirani alipopita akaona nakula peke yangu na sahani yenye kitambaa, akaanza kusema nina TB. Tatu akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Dada, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Sasa mbona wamekutoa?"

Nilikuwa napona, hilo niseme. Choo kilirudi rangi. Vidonda vya mdomo vilikauka. Mtihani wa kidato cha pili ulinipita, nikaambiwa nirudie darasa, lakini nilitembea kwenda shule bila kukaa njiani. Kupona nilikuwa napona. Ila nilitaka kitu kimoja tu: asubuhi moja tukae wote, sinia moja, mkono wangu uingie pamoja na mikono yao, asitokee wa kuniambia subiri, hicho si chako.

Siku moja Baba akaniomba simu ya Mama. "Ile picha ya mkate," akasema. Akaondoka nayo kwenda Nachingwea, Mama akalalamika siku nzima kwamba wateja hawampati. Nachingwea kuna fundi anayesubu sufuria, anayeyusha vyuma chakavu na kumimina kwenye udongo, na vikaango vya vitumbua anatoa yeye. Baba alirudi magharibi amebeba kitu kwenye mfuko wa salfeti. Akakiweka chini mbele yangu. Vipande viwili vizito vya duara, vimeungwa na bawaba ya mlango, ndani vina vijumba vilivyopangwa, vingine vikubwa vingine vidogo, na mishikio miwili mirefu.

"Fundi ameniuliza cha kukamulia nini," Baba akasema.

"Ukamjibu nini?" Mama akauliza.

"Nikamwambia sijui, ni cha mwanangu." Akakinyanyua, akanipa. "Shika, mama. Kizito."

Nikakishika. Sikuweza kusema ahsante, nilitikisa kichwa tu, lakini Mama alikuwa ameshageuka anajifuta na ncha ya khanga.

Mikate ya kwanza ilikuwa aibu. Unga wa mchele na wa muhogo haushikani. Ukifungua chuma, nusu imebaki juu, nusu chini, katikati makombo. Niliongeza yai, ukawa mgumu kama soli. Mama alikuwa anakaa mbali ananielekeza kwa mdomo, mikono ameikunja nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Yeye ndiye aliyesema nipike kwanza uji mzito wa muhogo kidogo, upoe, ndipo niuchanganye na unga, mayai, tui na chumvi, nipake chuma mafuta ya ufuta na kukiacha kipate moto kweli kabla ya kumimina. Hapo ikawa afadhali. Ilitoka, lakini kila mmoja ulikatika mahali. Tatu alikuwa anakusanya vipande. "Mkate wa vyumba umebomoka tena," anasema, anakula.

Ikaja Idi. Bibi alikuja kutoka Ruponda, na baba mdogo na familia yake. Baba akatangaza asubuhi hiyo hakuna ngano inayoingia ndani, wote watakula mkate wa vyumba wa Somoe. Mama alikuwa ameshasafisha tangu jana yake, unga wake ameufunga kwenye gunia juu ya kabati. Niliamka mapema, nikachanganya, nikafunika, nikamwachia Bibi aangalie wakati naenda kuoga na kuvaa gauni la Idi.

Niliporudi nikawasha mkaa, nikamimina wa kwanza, nikafungua chuma. Ulitoka mzima. Mzima kabisa, vyumba vyote, kingo zote. Wa pili mzima. Wa tatu mzima. Nilidhani ni moto, nilidhani ni tui, nilidhani Mungu amenionea huruma kwa sababu ya Idi.

Tulikaa chini, sinia moja. Baba mdogo akashika mkate akauinua juu kama kioo. "Huyu binti ataolewa Dar," akasema. "Nkowe hapamtoshi." Bibi akacheka, akasema somo yake haolewi, anakaa naye. Mkono wangu uliingia pamoja na yao. Tatu alinibana upande huu, Baba upande huu. Nilikula mitatu.

Adhuhuri nilianza kutapika.

Nisikuelezee yote. Kwa sisi tuliokwisha kuacha, ngano ikirudi inarudi na hasira. Alasiri nilikuwa siwezi kusimama. Nilipelekwa Ruangwa kwa bodaboda, katikati ya dereva na Baba, Baba amenifunga na khanga kiunoni pake nisianguke, gauni la Idi limeharibika lote. Nikatundikiwa dripu. Mama alikuja na bodaboda ya pili, na Bibi.

Pale kitandani kwangu wakaanza kuulizana. Mama anaapa gunia halikufunguliwa. "Wallahi nimeoga mara mbili." Baba anamtazama tu, na kutazama kule kulikuwa kubaya kuliko matusi. Nilitaka kumwambia Mama mimi namwamini, mdomo ukakataa. Ndipo Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na bakora yake, akafungua mkono wake wa kulia akautazama.

"Kiganja kimoja tu," akasema.

"Kiganja cha nini, mama?" Baba akauliza.

"Cha ngano, cha kushikisha. Nilifungua gunia, nikachota, nikalifunga tena. Hata vitumbua tunashikisha hivyo, nani asiyejua. Niliona unga wake mwepesi. Wageni wamejaa, nikasema leo somo yangu asiaibike." Akageukia Kimwera, akasema maneno mengi kwa haraka ambayo sikuyashika yote. Alirudi kwenye Kiswahili mwishoni. "Kiganja kimoja kinaua? Mimi nimelea watoto wangapi na ngano."

Baba alitoka nje. Mama alicheka, ile ya kucheka huku machozi yanatoka, akakaa kwenye sakafu ya wodi na nguo zake za Idi.

Bibi aliondoka Nkowe alfajiri iliyofuata bila kuaga. Alituma salamu kwa watu, lakini hakuja. Akitajwa, Baba anaacha kula hapo hapo. Mimi nilirudi nyuma, kilo nilizopata zikaondoka, nywele zikaanza tena kubaki kwenye kitana. Mvua zilizobaki nilizimalizia kitandani na kliniki, kitandani na kliniki. Kilichoniuma zaidi si tumbo. Nilikuwa naogopa chakula chochote kilichoguswa na mtu. Tatu aliniletea ndizi ameimenya, nikaitupa. Aliniona.

Kliniki wakasema nyumba ikiwa na ngano nitakuwa naanguka hivi hivi. Mama alihamisha beseni lake. Sasa anakandia kwenye banda la mwenzie barabarani, na kabla ya kurudi anaoga kule kule, anabadili khanga na kitambaa cha kichwa. Akifika mlangoni anasimama.

"Nimeoga," anasema. "Niingie?"

Kila siku anauliza. Nimemwambia asiulize. Anauliza. Mama anaingia nyumbani kwake kama mgeni, na chai yetu ya asubuhi anaikuta imeshapoa. Usije ukadhani ugonjwa huu unamalizwa na sufuria yenye kitambaa. Unawala na wengine.

Yapo mazuri madogo, nikuandikie ili usife moyo. Nimeongezeka urefu, gauni limekuwa fupi, wameshusha pindo mpaka limeisha. Wiki ambayo Baba alikuwa anapeta ufuta niliziona siku zangu kwa mara ya kwanza. Nilimwambia Mama kwa kumvuta pembeni, na yeye akaniletea pedi akaziweka chini ya mto bila kusema neno, kwa sababu ananijua. Mtu mwingine wa kumwambia, kwa desturi, alikuwa somo yangu. Ndipo nikamwambia Baba akamlete Bibi.

"Una uhakika, mama?"

"Mlete."

Bibi alifika amepungua. Alikaa kwenye mkeka, mikono ameificha ndani ya khanga, kama Mama siku ile kwa daktari. Nilimwambia habari yangu sikioni. Akafumba macho, akatikisa kichwa kidogo kidogo. Hakupiga vigelegele.

Asubuhi yake nikachanganya unga nikiwa peke yangu, nikauangalia mwenyewe mpaka mwisho. Chuma kilipopata moto nilimwita.

"Bibi, njoo unishikie, kizito."

"Mimi sigusi chakula chako."

"Hushiki chakula. Unashika chuma."

Baba alikuwa mlangoni, hakuingilia. Halafu Bibi akasimama, akaenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akanawa tena, akaja mbele yangu akafungua viganja vyote viwili.

"Kagua," akasema.

Niliona aibu, ni mtu mzima. Lakini nilikagua. Nilishika kidole kimoja kimoja, nikatazama na kwenye kucha. Nataka ujue hilo, wewe wa Kiegei: hata ukimpenda mtu, kagua.

Nikamimina. Bibi akafunga chuma, akakigeuza juu ya mkaa, akasubiri mvuke upungue. Tatu alikuwa amechuchumaa tayari. Mama alikuwa amefika, nikasikia kule mlangoni, "Nimeoga, niingie?" na Baba akamwambia, "Ingia, ndiyo kwanza tunaanza."

Bibi akafungua. Mkate ulikuwa mwekundu mzuri, una vyumba vyake, na katikati ulikuwa umekatika, nusu imeng'ang'ania chuma cha juu. Aliuinamia, akautazama.

"Umevunjika, somo," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

Nikachukua kipande, nikakila.